Kupima Kasi ya Mchezaji wa Soka: Mstari Ulionyooka na Tao

Jaribio lililozoeleka la kupima kasi ya mchezaji wa soka ni kumkimbiza mita 20 au 30 katika mstari ulionyooka. Lina manufaa yake, lakini mchezo wenyewe haukimbiwi kama reli. Winga hupinda kumzunguka beki, na mshambuliaji huchora upinde ili asiotee. Anayeongoza wenzake katika mstari ulionyooka si lazima awaongoze katika mbio hizo.

Sababu ni ya kifizikia. Ili mwili upinde, miguu haina budi kuusukuma kuelekea kitovu cha duara. Mchezaji wa kilo 70 anayekimbia mita 7 kwa sekunde kwenye tao lenye nusu kipenyo cha mita 9.15 huhitaji msukumo wa pembeni wa takriban nyutoni 375, zaidi ya nusu ya uzito wake. Mwili huinama kwa ndani, na miguu haigawani kazi sawasawa: wa ndani hukaa ardhini muda mrefu kuliko wa nje. Si ajabu basi kwamba wengi wana upande mmoja wanaoupinda vyema zaidi.

Tao la kupimia limekwisha kuchorwa katika kila uwanja rasmi: ni ule mstari uliopinda mbele ya eneo la penalti, ambao urefu wake ni karibu mita 17. Mchezaji aliyekwisha kupasha mwili moto huufuata akipinda kulia, kisha akipinda kushoto, na hatimaye hukimbia mita 17 zilizonyooka ili nyakati zilinganishwe. Apewe majaribio mawili au matatu kwa kila mbio, akipumzika dakika kadhaa kati yake. Inafaa muda upimwe kwa vifaa vya miale ya mwanga. Saa ya mkononi huweza kukosea kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na tofauti ya pande mbili huweza kumezwa na kosa hilo.

Kwa tabibu, uzito wa jambo hili uko kwa mchezaji aliyechanika msuli wa nyuma ya paja. Kumruhusu acheze kwa sababu tu amerudia kasi yake katika mstari ulionyooka ni kuharakisha. Apimwe kwenye tao mguu ulioumia ukiwa ndani, kisha ukiwa nje, na matokeo yalinganishwe na ya kabla ya kuumia. Kwa hiyo vipimo vya pande zote mbili vichukuliwe mwanzoni mwa msimu, angali mzima, na vihifadhiwe katika faili lake.