Baiskeli ya Mbio au ya Masafa: Mwili na Barabara Viamue

Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anaposhauriwa kufanya mazoezi, baiskeli ni chaguo jema, kwa kuwa magoti hayabebi uzito wote wa mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Nusu saa kwa siku tano hutimiza kiwango cha chini. Hata hivyo, wapo wanaoanza kwa ari na kuacha mapema kwa sababu ya maumivu ya mgongo au ganzi ya mikono. Makala haya yanaeleza jinsi uchaguzi wa baiskeli unavyoweza kuzuia hali hiyo.

Tofauti ya maumbo

Baiskeli ya mbio na baiskeli ya masafa hufanana kwa macho: zote zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na gia nyingi. Katika baiskeli ya mbio, usukani uko chini na mbali, ili mwendeshaji ainame na kuukata upepo. Matairi yake kwa kawaida huwa membamba. Katika baiskeli ya masafa, usukani umeinuliwa na kusogezwa karibu, magurudumu yameachana zaidi ili itulie, na fremu nyingi za aina hii hupokea tairi la milimita 32 au zaidi. Gia zake nyepesi husaidia kupanda vilima.

Yanayoupata mwili

Kuinama kwa muda mrefu kunahitaji kiuno kinachonyumbulika na misuli imara ya tumbo na mgongo. Asiye navyo huegemeza uzito viganjani. Hapo neva inayopita upande wa kidole kidogo hubanwa, na ganzi huingia katika kidole hicho na cha pete. Shingo nayo huchoka kwa kuinuliwa ili macho yaone mbele. Tandiko lililoelekea juu hubana neva za msamba na kuleta ganzi sehemu za siri, kwa wanaume na wanawake.

Barabara ya Turwa

Barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda Sirari hupita Tarime. Ukiiacha kuelekea vijijini, utakutana na changarawe, mawe, vilima, na utelezi wakati wa mvua. Tairi jembamba lililojazwa upepo mwingi hupeleka kila mtikisiko kwenye viganja na uti wa mgongo. Tairi pana lenye upepo wa kadiri huupunguza. Hata wanamashindano hulizingatia hilo. Katika Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa zilizoanza mwaka 1896 na zinazopita juu ya barabara za mawe, na katika Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka wetu, waendeshaji huchagua matairi mapana kuliko ya lami.

Kwa hiyo, baiskeli ya masafa inawafaa wengi wetu. Ya mbio imfae kijana mwenye mwili mwepesi kunyumbulika, anayekaa kwenye lami na kulenga mashindano. Asiyemudu yoyote kati ya hizo asikate tamaa: baiskeli ya kawaida ya chuma, yenye keria, humkalisha mtu wima na kumpa mazoezi yale yale. Kilima kikizidi, ashuke na kuisukuma.

Pima kabla ya kulipa

1. Simama ukiwa umeipanda bila kukaa; bomba la juu lisikuguse.
2. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huashiria tandiko lililo chini mno. Ya nyuma, lililo juu mno.
3. Tandiko lilale sawa na ardhi.
4. Shika usukani, viwiko vikunjike kidogo, na mabega yasipande.
5. Jaribu breki mahali salama kabla ya kuingia barabarani.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa akilalamikia ganzi au mgongo, muulize anaendesha baiskeli gani, njia ipi, na kwa muda gani. Kurekebisha tandiko na usukani kunaweza kutosha. Ganzi isiyoisha baada ya kupumzika, au mkono unaopoteza nguvu, huhitaji uchunguzi. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari, na kila mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kutafuta huduma mara moja.

Bei na rangi vije mwisho. Baiskeli bora ni ile ambayo mgonjwa ataipanda tena kesho bila maumivu.