Wape watoto Kobe wamhukumu

Mdogo wangu uliye mwalimu Mwakitolyo, umeniuliza kama ngano za Afrika Magharibi zitafaa darasa lako la tatu, lenye watoto waliohamia na wazazi wao kufuata dhahabu. Zinafaa sana. Anza na Kobe wa Waigbo wa Nigeria.

Chinua Achebe aliisimulia ngano hiyo ndani ya riwaya yake ya mwaka 1958, ile inayoitwa Shujaa Okonkwo kwa Kiswahili. Ndege wamealikwa karamu mbinguni. Kobe ana njaa, anawabembeleza mpaka kila ndege anampa unyoya. Anawaambia kila msafiri achague jina jipya, naye anajiita Ninyi Nyote. Chakula kinapotengwa anauliza ni cha nani. "Cha ninyi nyote," wanajibu wenyeji. Anakula vinono vyote, ndege wanaambulia mabaki.

Hapo simama, usimalizie. Watoto wako wanaijua migao. Nyumbani wanasikia mifuko ya mawe ikihesabiwa, mwenye duara la kuchimbia dhahabu kachukua mingapi, waliochimba wamepata mingapi. Waulize ndege wafanye nini, kisha nyamaza uwasikilize. Ila nakuomba sana, usimuulize mtoto baba yake alipata nini. Akimsema Kobe anasema yote yaliyomo moyoni bila kumwanika mzazi wake mbele ya wenzake, na kwa hilo naipenda ngano hii kuliko nasaha yoyote.

Siku ya pili wape mwisho: ndege wanamnyang'anya manyoya yao, Kobe anaruka chini, gamba linapasuka vipande. Waigize.

Mwalimu mkuu akiona unapoteza vipindi, mweleze kwamba mwaka 1953 Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa Senegal, na mwenzake Abdoulaye Sadji walitoa kitabu cha shule kinachomhusu Leuk, sungura mjanja. Wanafunzi walijifunza kusoma kwa ngano za kwao.

Na za kwenu zisikae nje. Masala Kulangwa wa Wasukuma, aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu tumboni mwake, afuate baada ya Kobe. Wasio Wasukuma walete za kwao, wamuulize bibi hata kwa simu.

Kila ngano isimulie bila karatasi, uwatazame usoni. Mchana, wakishachoka kuandika, ndipo wanapoitikia "Pakawa!" kwa sauti kubwa.