Somo: Kupanda Masale Kabla ya Kutengeneza Programu

Ndugu wanakamati, na ninyi marafiki mnaotuchangia, somo la robo hii linahusu programu za kompyuta. Hata hivyo sehemu kubwa yake haihitaji kompyuta wala umeme. Linahusu kikao ambacho wahusika hukaa pamoja na kukubaliana mipaka: kitabu gani ni cha nani, neno gani lina maana gani, na taarifa ipi iruhusiwe kuvuka kutoka meza moja kwenda nyingine.

Nianze na jambo lililonifanya niandike. Usharika mmoja wa upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, ambao sitautaja, ulipata fedha za kutengenezewa programu. Kijana fundi, mwenye bidii sana, alipitia madaftari yote akaona majina yaleyale yanarudiwa: kwenye daftari la washarika, la ahadi, la kikundi cha kuweka na kukopa, na la zahanati. Akaona ni kazi ya bure. Akaunda orodha moja tu, akaiita "Mwanachama", na kila familia akaiweka chini ya jina la baba.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha mzee mmoja akafariki. Karani akafunga kadi ya marehemu, kama wajibu wake ulivyo. Siku ya mkutano wa kikundi, mjane alipokuja kuomba mkopo wa ada ya mtoto, programu ikasema hayumo. Hisa zake, alizonunua mwenyewe kwa fedha za maziwa, zilikuwa zimefungwa pamoja na jina la mumewe. Bahati nzuri mweka hazina, mama wa makamo asiyeamini sana mashine, alikuwa bado anaandika daftari lake la mkono. Bila daftari hilo sijui mama yule angethibitisha vipi.

Hakuna aliyefanya kosa kwa makusudi. Tatizo lilikuwa neno "mwanachama". Kwa karani ni mtu aliyebatizwa au aliyehamia kwa barua. Kwa mhasibu ni bahasha yenye namba. Kwa kikundi ni mwenye hisa, hata kama anasali kwingine. Kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, mchango katika mikoa mingi ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu 6, kwa hiyo kwa mhudumu wa zahanati neno hilo lilileta picha ya kaya nzima. Fundi hakuambiwa haya, naye hakuwa na mahali pa kuyasikia.

Watengenezaji wa programu duniani wamelifahamu tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2003 Eric Evans alitoa kitabu kiitwacho Domain-Driven Design, akieleza kwamba neno moja hushika maana yake ndani ya mpaka fulani tu, na kwamba mpaka huo uonekane pia ndani ya programu. Miaka kumi hivi baadaye Mwitaliano Alberto Brandolini akaeneza warsha aliyoiita EventStorming, ambayo watu wa kazi zote husimama mbele ya ukuta mrefu wakibandika karatasi za matukio. Kwetu jambo hili si geni kama linavyosikika. Wengi wenu mnakumbuka mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo wa miaka ya 2000, ambapo wanakijiji walikaa pamoja kubainisha rasilimali na matatizo yao kabla ya mpango kuandikwa. Na kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro masale hupandwa kuonyesha mpaka wa shamba, na anayejua mpaka ulipo ni jirani, siyo mgeni.

Tulipofanya warsha ya marekebisho Olasiti, tulitumia darasa la chekechea, mabango kitita yaliyobandikwa ukutani, karatasi ndogo na kalamu rashia. Jambo la kwanza ni nani aalikwe. Aje yule anayeshika kitabu kila siku, hata kama hana cheo. Tulikuwa kumi na wawili. Zaidi ya hapo watu huanza kusinzia. Mwenyekiti aombwe mapema, kwa heshima na faraghani, asiseme kwanza. Mzee akishasema "hapa kwetu tunafanya hivi", vijana na akina mama hunyamaza, na mwezeshaji anabaki na maelezo ya mtu mmoja.

Kisha kila mmoja aandike mambo yanayotokea katika kazi yake, jambo moja kwa karatasi, kwa maneno ya jambo lililokwisha kutokea: "Mtoto amebatizwa." "Ahadi imepokelewa." "Hisa zimenunuliwa." "Mgonjwa ameandikishwa." Asiyeandika amwambie jirani yake, au achore. Karatasi zibandikwe kwa mfuatano wa wakati. Msiruhusu mtu kuandika "mfumo wa fedha" au "ripoti". Hayo siyo matukio, na ukiyapokea mjadala unaruka kwenda kwenye skrini na rangi za vitufe.

Kazi ngumu huja baadaye, na hapo mwezeshaji asiharakishe. Pitieni ukuta mkiuliza: tukio hili likikosewa, nani anaulizwa? Na neno hili, nani analitumia kwa maana nyingine? Sisi tulibishana juu ya "familia" kwa karibu saa nzima. Karani alisema marehemu ameondoka. Mweka hazina akajibu kwamba hisa za mke wake hazijaondoka. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwenye meza yake, na hapo ndipo tulipochora mstari wa kwanza. Mkikuta wawili wanatofautiana namna hii, msipige kura ili mmoja ashinde. Kila upande ubaki na maana yake.

Mstari wa zahanati ulichorwa na muuguzi mwenyewe. Aligundua kwamba mhasibu wa sadaka aliweza kuona nani alihudhuria kliniki na siku gani. Chumba kilikuwa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti, lakini sidhani kama yeyote pale alihitaji kusomewa sheria.

Mpaka haumaanishi kwamba hakuna kinachopita. Mifereji yetu hupita mashamba ya watu wengi, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Vivyo hivyo, kwa kila mstari andikeni kinachovuka, na kiwe kidogo iwezekanavyo. Karani akimfunga marehemu, kikundi kipate ujumbe: "fulani amefariki"; hatua ya kuchukua kuhusu hisa ni ya kikundi. Zahanati hutoa hesabu, siyo majina. MTUHA imefanya hivyo kwa muda mrefu: kituo kina kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, lakini kinachopanda kila mwezi kwenda wilayani ni idadi. Hata mfumo wa DHIS2 ulipoenea Tanzania Bara kufikia mwaka 2013, taarifa hizo za mwezi ziliendelea kuwa za jumla.

Warsha yetu ilichukua siku moja na nusu, na gharama yake kubwa ilikuwa chai na nauli. Kwa wafadhili nina ombi. Mara nyingi mnadai mfumo mmoja ili mpate ripoti moja. Ripoti moja inaweza kutoka kwenye maeneo manne yaliyotengana, ila siku hizo mbili za kikao ziwekwe kwenye bajeti kabla ya fundi kulipwa awamu ya kwanza. Na fundi awepo tangu asubuhi, akae upande wa wasikilizaji.

Mabango yasitupwe baada ya warsha. Yapigwe picha, yakunjwe, yawekwe kabatini pamoja na daftari la mihutasari. Baada ya miezi sita yabandikwe tena, muone ni mstari gani umehama na nani aliuhamisha.