Dondoo muhimu: Kabla ya kutangaza tarehe ya mchezo

Studio ndogo ya michezo ya video ikichelewa, kinacholaumiwa kwanza ni uchache wa watu. Mara nyingi tatizo ni wingi wa kazi. Studio ya Team Cherry ya Adelaide, Australia, iliutangaza mchezo wa Silksong Februari 2019. Ulianza kama nyongeza tu ya mchezo wao wa kwanza, Hollow Knight, ukakua, ukatoka Septemba 2025. Kwa hiyo orodhesha kila adui, kila ramani na kila wimbo, pamoja na jina la atakayeifanya kazi hiyo. Jina moja likijirudia mstari baada ya mstari, hapo ndipo ratiba itakapokwama: mwandishi wa programu akiugua wiki moja, mchoraji naye anakaa bure, kwa kuwa michoro yake haina pa kujaribiwa. Mfundishe mtu wa pili mapema, angalau aweze kutengeneza toleo la majaribio.

Wapo watakaosema: ajiri. Mtaalamu wa programu za kompyuta Fred Brooks alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, maana wageni hufundishwa na walewale waliozidiwa. Wengine watasema mfadhili anataka tarehe, na kwamba Team Cherry waliweza kungoja kwa sababu mauzo ya mchezo wa kwanza yaliwalisha. Ni kweli, na ndiyo maana asiye na akiba hiyo apunguze hatua za mchezo, si usingizi wa watu. Mfadhili mpe tarehe ya toleo la majaribio; ya kuingia sokoni isubiri hadi mchezo uchezeke mwanzo hadi mwisho.