Ndani ya Pipa la Lori la Zege: Kitambaa Puani Hakitoshi

Pipa la lori la zege limejengewa ndani mapezi ya chuma yaliyojipinda. Likizunguka upande mmoja, mapezi husukuma mchanganyiko ndani. Likigeuzwa upande wa pili, huumwaga nje. Zege linalobaki juu ya mapezi huganda, na baada ya safari nyingi tabaka lake huwa nene kiasi cha kula nafasi ya mzigo. Hapo hutafutwa mtu wa kuingia na tindo au nyundo ya umeme, agonge mpaka chuma kionekane. Msomaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anayefanya kibarua hicho jijini Mbarara, anauliza iwapo kufunga kitambaa chenye maji puani kunatosha kumlinda.

Hakutoshi, wala hakukaribii kutosha. Kitambaa hunasa vumbi linaloonekana kwa macho, na hilo ndilo lenye madhara madogo kuliko mengine yote yaliyomo humo.

Kinachoua haraka zaidi hakipiti puani. Dereva asiyejua kuwa kuna mtu ndani huwasha injini, akagusa mkono wa kuzungushia, na pipa likageuka na mtu wake. Hata injini ikiwa imezimwa, zege lililolemea upande mmoja linaweza kulizungusha pipa lenyewe, au bonge likabanduka na kumwangukia aliye chini. Kwa hiyo injini huzimwa, nyaya za betri huchomolewa, pipa huzuiwa kwa kufuli au kwa kufungwa lisizunguke, na ufunguo wa lori hukaa mfukoni mwa anayeingia, si kwa dereva wala kwa msimamizi. Zege hugongwa likiwa upande wa chini. Pipa likihitaji kugeuzwa, mtu hutoka kwanza.

Baada ya hapo ndipo suala la hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na mahali ilipo chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa hatari. Katika pipa la zege oksijeni haipungui kirahisi kama katika shimo la choo. Adui mkubwa zaidi ni moshi. Jenereta au kompresa ya nyundo huwekwa karibu na mdomo wa pipa kwa sababu waya au mpira ni mfupi, na moshi wake huingia ukiwa na kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, miguu huishiwa nguvu. Katika nchi ya malaria ni rahisi mtu kumeza dawa ya malaria na kurudi pipani kesho yake. Barakoa ya hospitali haiizuii gesi hii, na hata barakoa nzuri ya vumbi haiizuii. Kinachosaidia ni kuiweka mashine mbali, upande ambao upepo hauleti moshi pipani, kupuliza hewa safi ndani muda wote wa kazi, na kupima hewa kwa kipimo cha gesi kabla ya kuingia na wakati wa kazi.

Mtu mmoja hubaki mdomoni mwa pipa bila kazi nyingine yoyote, akiongea na aliye ndani na kushika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wake wa mwili. Aliye ndani akianguka, huvutwa kwa kamba au husubiri watu wenye mitungi ya hewa, hafuatwi. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu zilizofungwa walikuwa wale walioingia kuokoa wenzao. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaochimba visima, kusafisha matangi ya maji au kuzibua mashimo ya vyoo huko Nakivale, ila shimo la choo lina haidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya mayai yaliyooza. Ikiwa nyingi hufisha uwezo wa kunusa, hivyo harufu kutoweka si dalili ya usalama. Mshumaa unaoshushwa kwa kamba hautambui gesi hii wala kaboni monoksidi, na penye gesi inayowaka unaweza kusababisha mlipuko.

Aliyetolewa akiwa na dalili za moshi huhitaji oksijeni ya hospitali, na mhudumu wa afya lazima aambiwe kulikuwa na injini. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye mahututi.

Vumbi lenyewe huua polepole. Mchanga na kokoto za zege huwa na silika, na chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo mno kuonekana, hivyo hupita kwenye kitambaa. Huacha makovu yasiyoondoka, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka zaidi ya 10, ingawa penye vumbi zito huweza kuja mapema. Hauna dawa ya kuuponya. Dawa ya vumbi ni maji yanayonyunyizwa pale nyundo inapogonga, pamoja na barakoa inayobana uso vizuri. Bora zaidi ni kuosha pipa kila siku kwa maji na kokoto likizunguka, ili isifike siku ya mtu kuingia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Kibarua wa Nakivale yumo katika zote mbili.

Silika pia humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Aliyewahi kuchimba dhahabu Kivu, mashariki mwa Kongo, kabla ya kuvuka mpaka huongeza vumbi jipya juu ya la zamani. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kwa mtu kama huyo huhitaji kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua, na daktari atajiwe kazi zote alizofanya, za huku na za huko.