Gamba la Samaki, Gamba la Nyoka na Gamba la Kakakuona



Mimi ni Mganda wa ukoo wa Lugave, yaani kakakuona. Kwa desturi yetu kila ukoo una mnyama au kitu chake cha mwiko, ambacho sisi hukiita muziro, na mtu wa ukoo hakidhuru wala hakili. Rafiki yangu ambaye kitanda chake kipo karibu na changu bwenini ni wa ukoo wa Mamba. Msishtuke: kwa Kiganda mamba si yule mwenye meno wa mtoni, bali ni samaki aitwaye kamongo. Muhula uliopita rafiki huyo alinitania mbele ya darasa: "Ndugu yangu, sisi sote wawili ni watoto wa samaki, ila wako alipotea njia akapanda nchi kavu. Tazama magamba yake!"

Wenzetu walicheka sana. Kwa hasira nikajibu kwamba kakakuona ni jamaa ya nyoka na kenge. Juma lile lile tukapewa jaribio, nikaandika hivyo hivyo, nami nikakosa. Basi yanipasa kulisahihisha kosa langu hapa, mbele ya watu wote.

Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitueleza kwamba ngozi ya kila mnyama mwenye uti wa mgongo ina matabaka mawili. Tabaka la juu halina mishipa ya damu. Tabaka la ndani linayo, pamoja na neva. Kwa hiyo ukiona kitu juu ya ngozi ya mnyama, usiulize tu kinafanana na nini. Uliza maswali mawili: kimeota katika tabaka gani, na kimeumbwa kwa kitu gani?

Nilianza na samaki, nikaenda jikoni kwa mpishi wetu. Ukimpara sato, magamba huruka moja moja, maana kila gamba limekaa katika kifuko chake ngozini. Asili yake ni tabaka la ndani, nalo ni jamaa ya mfupa. Nililichoma moja katika moto mkali likaacha majivu meupe. Kambare hana magamba. Yeye hulindwa na utelezi wake. Kamongo naye, maji yakikauka, hujichimbia topeni, na ute wa ngozi yake hukauka ukawa kama mfuko wa kumhifadhi mpaka mvua zirudi.

Chura hana magamba. Ngozi yake ni nyembamba na yenye majimaji, naye huvuta hewa kwa ngozi hiyo pamoja na mapafu. Ikikauka, hawezi kuishi.

Tukija kwa nyoka na mjusi, mambo yanabadilika. Magamba yao si mfupa uliotoka ndani, bali ni tabaka la juu lililojikunja na kuwa gumu kwa kitu kiitwacho keratini. Yameungana, wala huwezi kuyapara moja moja kama ya sato. Ndiyo sababu nyoka ajivuapo huacha vazi zima.

Ndege nao wanayo magamba, ila miguuni. Mguu wa kuku ukitiwa katika maji ya moto, ngozi yake ya juu huvuka kama soksi. Manyoya yake pia ni keratini. Hana tezi za jasho. Aonapo joto huhema. Na ndege wengi hujipaka mafuta yanayotoka katika tezi iliyo juu ya mkia.

Mwisho ni wanyama wanyonyeshao, nasi tumo. Ngozi yao huota nywele, kucha na kwato, vyote vya keratini. Ina tezi za mafuta na za jasho, na hata tezi za maziwa asili yake ni ngozi. Kiboko hutoa ute mwekundu ambao watu wengi hudhani ni jasho la damu. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani walieleza kwamba rangi zilizomo humkinga na jua na kuzuia vijidudu.

Je, kakakuona yuko wapi? Ana nywele tumboni, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Mtoto huzaliwa na magamba laini, kisha yakawa magumu baada ya siku chache. Magamba hayo ni keratini, kama kucha za vidole vyako. Nilichoma kipande cha kucha yangu, unywele na unyoya wa kuku. Harufu ilikuwa moja. Gamba la kakakuona sikulichoma, kwa kuwa ni mwiko!

Hivyo jina moja laweza kufunika vitu vitatu. Hata "pembe" ni hivyo. Pembe ya ng'ombe ni mfupa uliovikwa ala ya keratini. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu. Na pembe ya ndovu si pembe kabisa, ni jino.

Mtaniuliza, elimu hii yafaa nini nje ya mtihani? Likizo iliyopita nilimkuta mzee mmoja jirani yetu amemvika mjukuu wake gamba la kakakuona shingoni, kuwa dawa ya kikohozi. Nilimwamkia kwa heshima, nikamweleza habari ya kucha. Akanijibu, "Mwanangu, kama ni kucha tu, mbona watu wa ng'ambo huyanunua kwa fedha nyingi?" Nilinyamaza, sikuwa na jibu.

Jibu ninalo sasa. Bei yaonyesha wangapi wanaamini; haionyeshi kitu chenyewe ni nini. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya jamii zote 8 za kakakuona, 4 za Afrika na 4 za Asia. Hata hivyo, Januari 2019 maofisa wa forodha wa Uganda walikamata maelfu ya magamba pamoja na mamia ya vipande vya pembe za ndovu, vimefichwa ndani ya magogo yaliyotobolewa. Kakakuona akiviringika, hata simba humshinda, lakini mtu humwokota kama jiwe.

Mtoto yule nilimpeleka zahanati pamoja na babu yake, akapewa dawa, na kikohozi kikapungua. Gamba bado lilikuwa shingoni. Nitakwenda tena likizo hii.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, mlio walimu, waganga na watu wa forodha, tusaidieni kuwaeleza wazee wetu kwa adabu. Na rafiki yangu wa ukoo wa Mamba namwambia hivi: samaki ni wako peke yako. Wangu hunyonyesha.