Landlordi akikufungia duka: swali la kwanza utakaloulizwa

Wauzaji wenzangu wa Kenya, tunauza mtandaoni lakini mzigo wa wengi wetu uko kwenye chumba cha kukodi mjini. Kwa hivyo hii inatuhusu.

Ukipeleka kesi ya duka, swali la kwanza si nani ana makosa. Ni hili: je, hapa ndipo pahali pa kesi yako? Kama sipo, inatupwa hata kama umeonewa.

Kuna uamuzi wa Mahakama Kuu ya Nairobi ambao mawakili wanautaja mpaka leo: Pritam dhidi ya Ratilal, uliochapishwa 1972. Korti ilisema sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, inafanya kazi tu pale palipo na mwenye nyumba na mpangaji. Uhusiano huo usipokuwepo, au ukiwa umeisha, baraza la kodi za maduka, yaani BPRT, halina uwezo wa kusikiza kesi.

Sasa jipime:

1. Huna mkataba wa karatasi? Usiogope. Upangaji wa mdomo unalindwa. Wa maandishi pia, mradi hauzidi miaka 5. Lakini uonyeshe wewe ndiye mpangaji: lipa kodi kwa M-Pesa yako, omba risiti, usifute meseji.

2. Umekodi shelfu kwa duka la mwenzako? Chunga. Mpangaji wa landlordi ni yeye, si wewe. Akitolewa, unaweza kukosa pa kulalamika. Andikianeni karatasi: bei, na siku za notisi.

3. Unauzia nyumba unayolala? Sheria hii ni ya pahali panapotumika hasa kwa biashara. Maboksi matatu chini ya kitanda si duka.

4. Umeletewa notisi ya kutoka au ya kupandishiwa kodi? Kwa duka linalolindwa, lazima iwe kwenye fomu ya sheria na isipungue miezi 2. Una mwezi 1 wa kumjibu landlordi kama unakubali au unakataa. Ukikataa, fika BPRT kabla ya tarehe ya notisi. Ukinyamaza, notisi ya kutoka inashika na upangaji unaisha. Na korti imeshasema: ukiisha, BPRT haina la kukusaidia.

Leo jioni tafuta meseji zako zote za kodi, uziweke pamoja. Swali? Andika hapo chini.